Kasongo ilifundisha dunia afya ya wote. Nani alisahauliwa?



Wengi wetu hatujui kama jina la Kasongo liko katika vitabu vya afya vya dunia. Tangu 1971, waganga wa Zaïre pamoja na Chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu kwetu jambo jipya: kituo kidogo cha afya karibu na watu, na nyuma yake hopitali ya kupokea waliozidiwa. Wazo lilikuwa rahisi: kila mutu anayekaa katika eneo lile, kituo ni chake. Baadaye nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya.

Kutoka chuo kile kile cha Antwerp, mwezi wa 10 mwaka 1983, munganga Peter Piot alifika Kinshasa pamoja na Wamarekani. Kule Marekani, tangu 1981, ugonjwa mpya ulihesabiwa kuwa wa wanaume wanaolala na wanaume. Lakini katika hopitali Mama Yemo, munganga wetu Kapita Bila alikuwa ameisha kuona wagonjwa wa namna ile. Ndani ya majuma 3 wakahesabu 38, wanawake karibu sawa na wanaume. SIDA, basi, inapita pia kati ya mume na muke.

Habari ile ilikuwa kweli, na iliokoa watu. Lakini kosa lingine likaingia nyuma yake. Marekani walitazama zaidi wanaume wale. Kwetu Afrika tukawafuta kabisa. Redio na mabango vikasema juu ya mume, muke, na mwanamke anayeuza mwili. Mwanaume anayelala na mwanaume hakusikia neno linalomhusu. Miaka ya 2000, watafiti wa pwani ya Kenya walipoanza kuwauliza, walikuta wengine wakifikiri njia yao haina hatari, kumbe bila kondomu ndiyo inaambukiza zaidi.

Hata pale mlango ulipofunguliwa, haukukaa wazi. Mwezi wa 2 mwaka 2010, kule Mtwapa, Kenya, kundi la watu lilishambulia kliniki ya watafiti wa KEMRI iliyotibu watu hao. Tarehe 3 Aprili 2014, polisi ya Uganda iliingia kwa nguvu katika kliniki ya mradi wa SIDA wa Makerere mjini Kampala. Mwezi wa 2 mwaka 2017, serikali ya Tanzania ilifunga huduma za SIDA katika vituo 40, ikisema vinaeneza ushoga. Lakini virusi havikufungwa. Mutu akiogopa kupima, havibaki kwake peke yake: vinafika kwa muke wake na mtoto.

Munaweza kusema: Kongo hatuna sheria ya kumfunga mutu kwa jambo hilo. Ni kweli, sheria yetu ya makosa haimtaji. Tena sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mutu mwenye virusi. Lakini kwetu shida si sheria tu. Katika kijiji, munganga ni shemeji wa mama yako, na anayeandika majina mlangoni ni jirani. Mutu akisema ukweli asubuhi, jioni soko lote linajua. Basi ananyamaza, anasema "tumbo linauma", anapewa dawa ya tumbo, anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Najua dini zetu na wazee wetu wana maneno yao juu ya jambo hili, na sikuja kuyahukumu. Mimi nauliza juu ya kituo cha afya. Wale munaosoma ISTM, kesho munavaa blouse nyeupe: siri ya mugonjwa mutaitunza hata kwa yule usiyemkubali? Wazo la 1971 halikusema "kila mutu, isipokuwa yule". Tukiongeza isipokuwa, hatuwezi kujivunia tena kama lilitoka Kasongo.