Taarifa Kutoka Malishoni

Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na ziwa la Naivasha. Wenye mimba waliitupa, na wanakondoo wachanga walikufa baada ya kuugua muda mfupi tu. Daubney na Hudson, waliokuwa wataalamu wa mifugo, pamoja na Garnham aliyekuwa daktari wa watu, waliuchunguza msiba huo na mwaka 1931 wakauandika. Walieleza ni wanyama gani waliokufa, na wa umri gani. Ini lao lilikuwa katika hali gani. Na ya kuwa kondoo walipopelekwa mahali pa juu zaidi vifo vilikoma. Kwa jambo hili la mwisho wakawashuku mbu. Mpenda mashairi hatapata utamu katika maandishi ya namna hiyo, lakini kwayo ulimwengu uliijua Homa ya Bonde la Ufa.

Basi na tuende mashariki, ng'ambo ya mto Tana, tufike Ijara, nchi ya wafugaji wa Kisomali. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua ilinyesha kupita kiasi, mabonde yakajaa maji, na mbu wakazuka kama moshi. Wafugaji wa nchi hizi hawakuhitaji kufundishwa kilichofuata. Wana jina lao la ugonjwa huo, sandik, yaani damu ya puani, na waliziona dalili katika mifugo kabla watu hawajaanza kuugua. Lakini habari za vifo vya watu wa Garissa zilifika Wizara ya Afya katikati ya Desemba, na chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007. Kufikia Machi, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa.

Si haki kuitupia kalamu lawama yote. Mafuriko yalikata barabara, na ofisi zilikuwa mbali. Hata hivyo fikiri, ewe mwanafunzi: ujuzi ulikuwapo malishoni, na dawa ilikuwapo mjini, kilichotakiwa kati yao ni habari ambayo mtu asiyeiona Ijara angeweza kuitenda kazi.

Tuseme karani amepokea neno hili: "Mifugo inakufa sana huku." Ni neno la kweli, nalo halimsaidii mtu. Sana ni ngapi? Huku ni wapi? Afadhali aandike: "Kisima fulani, siku tatu toka Masalani kwa miguu. Kondoo 60, 22 wametupa mimba tangu Jumatatu, 9 wamekufa, damu ikitoka puani. Ngamia hawajaugua. Mbu ni wengi tangu mvua ya wiki iliyopita." Hapa hamna pambo lolote, wala kilio. Bwana Mifugo akisoma atajua achukue chupa ngapi za kupimia damu, na apite njia ipi. Aliloliona mwandishi kwa macho liandikwe mbali na alilolisikia, maana mambo hayo mawili hayana uzito mmoja.

Tena iko shida ya lugha. Mfugaji husema Kisomali, karani huuliza kwa Kiswahili, na fomu mara nyingi huwa ya Kiingereza. Njiani humo sandik huweza kugeuka "homa" tupu, na homa ziko nyingi. Karani mwenye busara huliandika neno la mfugaji kama lilivyotamkwa, kisha hueleza chini yake ni damu ya wapi, na ya mnyama gani.