Mfahamu panya wa Kilimanjaro asiyejua ghala wala mahindi

Ukitaja panya hapa Buseresere, mtu anawaza gunia lililotobolewa. Ndiyo, panya shamba ana kesi ya kujibu. Lakini huko juu Kilimanjaro, kwenye nyasi na vichaka vya baridi kali, kuna panya mwingine ambaye hajawahi kuona ghala maishani mwake.

Kitaalamu anaitwa Otomys zinki. Jina hilo alipewa mwaka 1943, ila kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa aina moja na wenzake wa milima ya Ethiopia. Mwaka 2011 watafiti walipolinganisha upya mafuvu, meno na vinasaba vya panya wa kundi hili, wakamtenga kuwa spishi inayojitegemea. Mlima Kenya nao una wa kwake, Rwenzori vilevile. Yaani kila mlima ni kama kisiwa, na bahari yake ni joto la tambarare.

Kwa umbo ni mnene, manyoya marefu, pua butu, mkia mfupi. Ulaya na Asia wapo panya wa milimani wanaofanana naye sana, lakini si ndugu wa karibu. Maisha ya kula majani tu ndiyo yaliyowafananisha. Meno yake ya mbele yana mifereji, na magego yana matuta yaliyopangana kama tupa, mashine kamili ya kusaga nyasi ngumu. Anatembea mchana na usiku kwenye vijia anavyovipitisha chini ya nyasi. Ukikuta vipande vya mabua vimekatwa na kuachwa pembeni ya kijia cha aina hiyo, ujue huenda kuna mmoja wa kundi lake karibu.

Sasa tuje kwenye uzazi. Panya shamba jike anaweza kuwa na chuchu zaidi ya 20, na watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja ni jambo la kawaida. Ndiyo maana mvua ikiwa nzuri, mkulima analia. Panya wa kundi la Otomys wana chuchu 4 tu. Jamaa yao wa Afrika Kusini, aliyechunguzwa kwa karibu zaidi, huzaa mtoto 1 hadi 4. Watoto hao huzaliwa wakiwa na manyoya na meno, na hung'ang'ania chuchu kiasi kwamba mama akikurupuka anakimbia nao wakiburuzwa. Wanaanza maisha wakiwa imara, sawa, lakini idadi haiwezi kupanda haraka.

Na hapo ndipo moto unapoumiza. Oktoba 2020 moto ulioanzia eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, uliteketeza kilometa za mraba zipatazo 95 za mlima, sehemu kubwa ikiwa vichaka na nyasi. Nyasi kwa panya huyu ni chakula, na ni paa pia. Zikiungua, vijia vyake vinabaki wazi kwa bundi, mwewe na mondo.

Kuhama napo si rahisi. Mlima una urefu wa mita 5,895, lakini ukipita mita 4,500 hivi unakutana zaidi na mawe na vumbi. Joto likizidi kusukuma mimea kwenda juu, mlima unazidi kuwa mwembamba.

Watafiti wa Makumbusho ya Field ya Chicago na wenzao wa Tanzania waliwahi kutega mitego upande wa kusini mashariki, kuanzia mita 2,000 hadi 4,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalitaja spishi 10 za panya na 6 za virukanjia, na walikuwa wa aina nyingi zaidi kwenye mita 3,000.

Kwa hiyo ukipanda na kumwona panya mwenye mistari mgongoni akiokota makombo pale vibanda vya Horombo, usimpige picha ukidhani ndiye. Huyo ni spishi nyingine, aliyezoea watalii.