Birika Uani

Neno birika limeshuka daraja. Ukilitamka barazani leo, wengi watadhani umeagiza chai. Lakini kwa watu wa pwani birika lilikuwa pia hodhi la mawe, lililojengwa msikitini au uani, la kutawadhia na kuogea. Maana hiyo ya pili ndiyo yenye historia ndefu, na sasa imerejea kwa jina jingine: kidimbwi cha kuogelea, nyuma ya nyumba za wenye uwezo, Unguja hata Lamu. Mwenye nyumba humwita fundi, huuliza bei, na huulizia lini watoto wataanza kuogelea. Maji yatatoka wapi ni swali linalokuja mwisho, ilhali wajenzi wa kale waliliweka mwanzo.

Birika la nyumbani mashuhuri kuliko yote katika mwambao huu lipo Kilwa Kisiwani, ndani ya jumba la Husuni Kubwa. Jumba hilo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani huyo akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, na akasimulia jinsi alivyomvulia fakiri mmoja wa Yemen nguo alizovaa, kwa kuwa fakiri alimwomba hizo hizo. Mtu wa namna hiyo hakuweza kujenga kidogo. Juu ya genge linalotazama bahari alijenga vyumba zaidi ya 100, na miongoni mwavyo akaacha nafasi ya birika la pembe nane, lililo wazi kwa mbingu.

Kazi yenyewe haikuwa ya haraka. Mawe yalikuwa ya matumbawe, na matumbawe hayo hayo yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikishazimwa kwa maji, huachwa miezi kadhaa ilainike kabla haijakandwa na kupakwa. Fundi aliyeharakisha lipu alijua kuwa birika litamwaibisha, maana ufa mwembamba kama unywele hunywa maji usiku kucha. Hata baada ya subira yote hiyo jumba halikumalizika. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuaji wa Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kitabu chake cha mwaka 1974, alikuta dalili za ujenzi ulioachwa njiani. Kwa hiyo mwenye nyumba wa leo ambaye fundi wake ametoweka na shimo limebaki wazi ana mwenzake, tena mfalme.

Kilwa Kisiwani haina mto. Maji yake ni ya visima na ya mvua. Tulipime jambo hili kwa kidimbwi cha siku hizi: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000, yaani ndoo 2,400 za lita 20. Ndoo hizo, au mitungi iliyokuwa badala yake, zilikuwa na vichwa na mabega yaliyozibeba. Sifa za Abu al-Mawahib zimehifadhiwa katika safari ya Ibn Battuta na katika tarehe ya Kilwa. Jina la mteka maji halimo popote.

Unguja ilijaliwa zaidi. Kasri la Mtoni lilipata jina lake kwa kijito kilichopita hapo, na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameyaeleza mabafu yake katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886. Huko Kidichi, Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu, mnamo mwaka 1850, na mapambo yake ya lipu yenye maua na ndege bado yanaonekana. Baadaye Sayyid Barghash alijenga Hamamni, mjini, ambako mtu yeyote aliyeweza kulipa aliingia. La kumsifu zaidi Barghash ni kwamba aliyaleta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji, na watu wakayateka bure. Hamamni ilikoma kazi mwaka 1920, na hodhi zake ni kavu tangu hapo.

Kidimbwi cha leo kina asili ya mbali zaidi. Mwaka 1907, mjini Chicago, Carl Akeley, mtengeneza wanyama wa maonyesho aliyewahi kuwinda tembo Afrika Mashariki, alibuni mashine ya kurusha lipu kwa nguvu ya upepo ili kukarabati kuta za jumba la makumbusho. (Alifariki Kongo mwaka 1926, akazikwa kwenye miteremko ya mlima Mikeno.) Kutokana na mashine hiyo ilizaliwa zege ya kurushwa juu ya nondo, isiyohitaji mbao za kuishikilia, na baada ya Vita Vikuu vya Pili vidimbwi vya Marekani vilitoka kwa matajiri vikaingia katika nyua za watu wa kawaida.

Hata hivyo jabali la pwani halijui mashine ya Chicago. Shimo linaweza kuchukua siku chache au wiki nyingi, kwa kuwa chini ya mchanga hukutwa jiwe gumu, na bei iliyokubaliwa barazani hubadilika hapo. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28, na haifai kukatizwa. Karibu na ufuo kuna hatari nyingine: kidimbwi kikiachwa kitupu, maji ya ardhini yanaweza kukisukuma juu kama ngalawa. Tena kikijazwa hakishibi. Jua na upepo vikikipunguza milimita 5 tu kwa siku, ni ndoo 8 za kurudishia, mbali na klorini, chujio na umeme wa pampu. Ukuta wa kuwazuia watoto nao huelekea kukumbukwa baada ya msiba.

Chini ya visiwa vyetu vya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Pampu ikivuta kwa pupa, tabaka hilo hupungua na chumvi hupanda. Chumvi hiyo haichagui kiwanja. Huingia pia katika kisima cha jirani asiye na kidimbwi, naye huitambua asubuhi, katika birika lile jingine, la chai.