Jina juu ya saa, mashini ndani yake



Nilipomaliza masomo ya chuo kikuu, kaka yangu mkubwa alinipa zawadi ya saa ya mkono. Alikuwa anatoka safari, akainunua njiani, katika duka la uwanja wa ndege, dola 190. Juu ya uso wake kulikuwa na jina la mshonaji mmoja mkubwa wa Ulaya. Jina lenyewe silitaji. Siku ya kolasyo nilivaa toga, na mkono wa kushoto nikauacha nje kidogo, makusudi, ili watu waone. Miezi minane baadaye rangi ya dhahabu ilianza kubanduka, mkono ukapata alama ya kijani, na saa ikasimama. Nikaipeleka kwa fundi wa saa pale sokoni Kadutu. Akafungua mgongo wake, akaangalia, akacheka polepole.

“Mudogo yangu, humu ndani hakuna kitu ya kutengeneza. Iko plastiki. Ukitaka, tunatosha yote, tunatia ingine ya dola tatu, itatembea vile vile.”

Nilisikia haya, kweli. Lakini tena swali likanikaa kichwani. Kuna saa zenye majina ya washonaji ambazo mafundi wa saa wenyewe wanaziheshimu, zinauzwa kwa maelfu ya dola. Na kuna zingine kama ile yangu. Wote si washonaji? Kwa nini tofauti ikuwe kubwa hivi? Nikaanza kusoma, na nimeona jibu liko katika historia.

Zamani, kutengeneza saa ilikuwa kazi ngumu sana. Saa ya makanika ina vipande zaidi ya mia moja, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi, na kila kimoja lazima kikae mahali pake. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya saa lilikuwa kwa kawaida jina la fundi au la kiwanda chake. Hata hivyo, tayari kulikuwa na watu wa urembo waliotia jina lao juu ya kazi ya wengine. Cartier wa Paris, muuza vito, alitoa saa ya Santos mwaka 1904 kwa ajili ya rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont, kisha akabuni Tank mwaka 1917. Mashini za saa zake hakuzitengeneza mwenyewe: mwaka 1907 alifunga mkataba na Edmond Jaeger, fundi mkubwa wa wakati ule. Kwa hiyo jina na mashini vilikuwa vimeisha kutengana, lakini Cartier alimtafuta fundi bora. Hapakuwa na njia rahisi ya kukwepa ufundi, maana saa mbaya ingepoteza dakika kila siku na mnunuzi angejua mara moja.

Njia rahisi ilifunguliwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo. Kampuni ya Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuingia sokoni. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu sawa na bei ya gari la Toyota Corolla la wakati ule. Ndani yake kipande cha kwatzi kinapigwa na umeme wa betri, kinatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde bila kubadilika, na saketi ndogo inahesabu ile mitetemo. Hakuna springi ya kufunga. Saa ya namna hii inashinda kwa usahihi saa za makanika zilizo ghali sana.

Bei ilishuka haraka, na Uswisi uliumia. Watu karibu 90,000 waliokuwa wanafanya kazi ya saa kule mwaka 1970, katikati ya miaka ya 1980 walibaki kidogo zaidi ya 30,000. Historia hiyo wengi wameiandika. Mimi nataka tuangalie matokeo mengine yanayosemwa kidogo: kutoka wakati ule, kusoma saa kwa usahihi kulikuwa kitu cha bei ya chini. Mashini ya kwatzi ikaanza kuuzwa kwa jumla, kama misumari. Mtu yeyote angeweza kununua mashini elfu kumi, kuzifunika kwa chuma cha umbo fulani, na kutia jina. Kama kila saa inasema saa ileile, mnunuzi atachagua kwa nini? Atachagua kwa jina.

Na majina yalikuwa tayari yanatafuta kazi. Pierre Cardin, mshonaji wa Paris, ndiye aliyeonyesha wenzake biashara ya leseni: wewe unatoa jina lako, mwingine anatengeneza kitu, anakulipa sehemu ya mauzo. Jina lake lilifika kwenye kalamu, taulo, vyombo vya nyumbani, na saa pia. Mwaka 1972 Severin Wunderman, mtu aliyezaliwa Brussels na aliyekuwa anafanya biashara Marekani, alipata leseni ya kutengeneza saa za Gucci. Aliishika kwa miaka 25, mpaka Gucci walipoinunua ile biashara mwaka 1997. Hebu tuwaze kidogo: robo karne, mtu aliyevaa saa ya Gucci alikuwa amevaa saa ya kampuni ya Wunderman. Sisemi zilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba mshonaji hakuwa na kiwanda.

Baadaye kazi hii iliingia mikononi mwa makampuni machache makubwa. Fossil, iliyoanzishwa Texas mwaka 1984, ilipata leseni ya Emporio Armani mwaka 1997, na ya Michael Kors mwaka 2004. Ilitengeneza pia saa za Diesel na DKNY. Movado Group inafanya za Hugo Boss, Tommy Hilfiger na Lacoste. Timex ilitengeneza za Guess, na upande mwingine za Versace. Basi ukiona katika dirisha la duka majina manne yanayoshindana, inawezekana yote manne yametoka kampuni moja, na ndani yamebeba mashini za aina moja, mara nyingi Miyota, ambayo ni ya Citizen wa Japani. (Miyota ni mashini nzuri, tusiidharau. Fundi wangu wa Kadutu anaipenda.)

Ugumu uko katika hesabu. Bei ya saa ya leseni inagawanywa: mwenye duka anachukua sehemu yake, matangazo yanachukua, mshonaji anachukua sehemu ya jina, na kampuni yenyewe lazima ipate faida. Kinachobaki ndicho cha kununua kitu chenyewe. Hapo mtengenezaji anachagua: kioo cha kawaida cha madini au cha yakuti kisichokwaruzika, chuma cha pua au zinki iliyopakwa rangi, dhahabu ya kupaka nzito au nyepesi kama pumzi. Mshonaji anaangalia kama umbo linafanana na mitindo yake ya mwaka huo. Mashini haionekani, basi haimsumbui. Na jina moja linaweza kubeba madaraja mawili: chini ya Emporio Armani kulikuwa na saa za kawaida za kwatzi, na pembeni saa zilizoandikwa Swiss Made, ghali zaidi.

Sisi Wakongo tuna sehemu yetu katika habari hii ya majina. Wakati wa Mobutu, koti na tai vilikatazwa, abakosti ikawa vazi la mwanaume wa heshima. Vijana wa Sape, na Papa Wemba mbele yao, walijibu kwa kuvaa nguo za washonaji wa Paris, wa Milano na wa Tokyo, wakifungua koti ili lebo ionekane. Wazee wengi waliwacheka. Lakini msapeur wa kweli hakuangalia lebo tu. Aligeuza nguo, akaangalia mshono, akashika kitambaa. Mimi kwenye kolasyo yangu nilionyesha lebo bila kugeuza kitu.

Kuna washonaji waliochukua njia ndefu. Hermès walianzisha kampuni yao ya saa mwaka 1978 mjini Bienne, Uswisi, katikati ya mtikisiko wa kwatzi, wakati wengine walikuwa wanafunga milango. Mwaka 2006 walinunua robo ya Vaucher, kiwanda cha mashini. Chanel walitoa saa yao ya kwanza, Première, mwaka 1987. Mwaka 1993 wakanunua kiwanda cha Châtelain pale La Chaux-de-Fonds. J12 yao ya kauri ilitoka mwaka 2000, na mwaka 2019 ikapata mashini mpya kutoka Kenissi, kiwanda ambacho Chanel wana hisa ndani yake pamoja na Tudor. Louis Vuitton walianza mwaka 1988 kwa saa zilizochorwa na Gae Aulenti na kutengenezwa na IWC, kisha Tambour mwaka 2002, kisha mwaka 2011 wakanunua karakana ya La Fabrique du Temps. Hawa walihitaji miaka ishirini au zaidi mpaka watu wa saa wakubali kwamba si mchezo. Mshonaji wa leseni anahitaji sahihi moja.

Hata maneno Swiss Made yana mipaka yake. Tangu Januari 2017 sheria inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe za Uswisi. Ile inayobaki inaweza kutoka kwingine. Kwa hiyo mimi sasa nikishika saa dukani ninauliza kwanza ni nani aliyetengeneza mashini, kisha naigeuza nisome mgongo: chuma gani, kioo gani, maji inavumilia kiasi gani. Muuzaji asiyejua anajibu kwa kurudia jina.

Ile ya kwangu, fundi aliitosha mashini akatia ya dola tatu, kama alivyosema. Mkanda nikaweka wa ngozi. Inatembea mpaka leo, na inasema saa vizuri. Mwaka jana kaka alikuja kututembelea, akaiona mkononi, akafurahi sana. “Unaona? Kitu ya marki haikufe.” Nikamwambia ndiyo, yaya, haikufe.