Chotara Na. 11648: Mavuno na Kinga ya Magonjwa katika Mkonge wa Korogwe na Handeni

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Mashamba yaliyotanda baadaye katika bonde la Pangani, Korogwe ikiwamo, yalitokana kwa kiasi kikubwa na miche hiyo. Mkonge wa kawaida (Agave sisalana) hautoi mbegu za kutegemewa, hivyo huenezwa kwa machipukizi ya mizizini na kwa miche midogo inayoota juu ya mlingoti. Kila mmea ni nakala ya mzazi wake, kwa uzuri na kwa udhaifu.

Utasa huo ndio uliowakwamisha watafiti wa Amani, na baadaye wa kituo cha Mlingano karibu na Ngomeni, walipotaka kuuboresha. Wakageukia jamaa zake: Agave amaniensis, wenye majani marefu ya rangi ya samawati, na Agave angustifolia, wenye kutoa majani mengi. Waliivusha miwili hiyo, kisha wakauvusha uzao wake tena na amaniensis. Ndipo ilipopatikana Chotara Na. 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani kati ya 200 na 250 maishani mwake. Chotara hutoa takribani 600.

Hesabu hiyo ndiyo inayosifiwa zaidi. Insha hii inadai kwamba ni nusu ya habari. Mkonge wa kawaida huustahimili ugonjwa wa pundamilia, usababishwao na Phytophthora nicotianae. Chotara hushambuliwa nao vikali. Jani hupata mistari ya giza na mwanga, kisha shina na kilele huoza. Vimelea hupenda ardhi isiyopitisha maji na huingilia majeraha ya ukataji. China, iliyoupokea chotara huo miaka ya 1960, imehangaika na ugonjwa uleule, kwa hiyo kosa si la udongo wa Tanga peke yake. Hata hivyo udongo una neno lake: kiwanja tambarare kinachotuama maji bondeni hakiwezi kupimwa kwa mizani ya nyika kavu ya Handeni. Pia kuna madoa ya majani yaliyopewa jina la Korogwe yenyewe, yenye miduara ndani ya miduara, ambayo chanzo chake kiliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Nayo huonekana kwenye chotara.

Shamba kubwa lilipokuwa la kampuni moja, kipande kilichooza kilifidiwa na kingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ardhi ya mashamba kama Hale ilipoanza kulimwa na wakulima wadogo kwa mkataba, fidia hiyo haikuwapo tena. Mkulima mwenye kipande kimoja husubiri takribani miaka mitatu kabla ya kukata mara ya kwanza, huku akipalilia na kudaiwa. Pundamilia akiingia mwaka wa pili, deni hubaki na miche haipo.