Karatasi, Hesabu na Mpango: Historia Fupi ya Mapambano Dhidi ya Upotevu

Utangulizi

Kila kada amesikia kwamba kupanga ni kuchagua. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi tunaishia hapo. Hatuulizi: kuchagua kwa njia gani? Na baada ya kuchagua, tutajuaje kwamba hapakuwa na chaguo lililo bora zaidi? Mpango ambao hauwezi kujibu maswali hayo ni orodha ya matumaini tu.

Katika karne ya 20 ilizuka elimu inayojaribu kuyajibu. Wengine huiita utafiti wa uendeshaji, yaani matumizi ya hesabu na uchunguzi wa kisayansi katika kuamua jinsi ya kugawa mashine, mali ghafi, muda na nguvukazi. Makala haya yataeleza historia ya tawi moja la elimu hiyo, yaani kupunguza upotevu katika ukataji, na hasa katika viwanda vya karatasi. Tumechagua karatasi kwa sababu tatizo lake linaeleweka hata na asiye mwanahisabati, na kwa sababu historia yake ina fundisho la kiitikadi ambalo makada wanapaswa kulitafakari: njia ya kisayansi ya kupanga ilibuniwa katika nchi ya kijamaa, lakini ilikawia kukubaliwa huko, wakati viwanda vya kibepari viliichukua upesi. Kwa nini?

Tatizo lenyewe

Mashine ya karatasi haitengenezi daftari wala gazeti. Hutandaza rojo la nyuzi za miti juu ya wavu mpana, maji hukamuliwa, utando hukaushwa kwenye mitungi yenye joto, na mwishowe karatasi huzungushwa kama jora la kitambaa, lenye upana wote wa mashine. Hilo tuliite jora mama. Lakini wateja hawataki upana huo. Mpiga chapa wa magazeti ana upana wake, mtengeneza mifuko ya saruji ana wake, mtengeneza madaftari ana wake. Kwa hiyo jora mama hupitishwa kwenye visu na kukatwa kuwa majora membamba. Ukingo unaobaki bila mteja ndio upotevu. Ni kweli kwamba ukingo huo waweza kurudishwa kwenye rojo, lakini mvuke, umeme, muda wa mashine na jasho la wafanyakazi vilivyotumika havirudi.

Tuchukue mfano wa darasani. Jora mama lina upana wa sentimita 300. Wateja wameagiza majora 24 ya sentimita 130, majora 30 ya sentimita 100, na majora 44 ya sentimita 70. Mpangaji wa mazoea atakata kila oda peke yake. Majora mama 12 yatatoa majora mawili mawili ya 130, na kila moja litaacha ukingo wa sentimita 40. Majora mama 10 yatatoa matatu matatu ya 100, bila mabaki. Majora mama 11 yatatoa manne manne ya 70, na kila moja litaacha sentimita 20. Jumla ni majora mama 33, na ukingo uliopotea ni sentimita 700.

Sasa tuchanganye oda, kama fundi cherehani anavyopanga vipande vya nguo mbalimbali juu ya kitambaa kimoja. Sentimita 130, 100 na 70 zikiwekwa pamoja ni 300 kamili. Majora mama 24 yakikatwa hivyo yatamaliza oda yote ya 130, na kutoa majora 24 ya 100 na 24 ya 70. Majora sita ya 100 yaliyobaki yatatoka katika majora mama mawili, na majora 20 ya 70 yaliyobaki yatatoka katika matano. Jumla ni majora mama 31, na ukingo ni sentimita 100 tu. Wala hakuna mpango wowote utakaoshuka chini ya 31, kwa kuwa oda zote zikijumlishwa ni sentimita 9,200, na majora mama 30 yana sentimita 9,000 tu.

Hapa tuna oda za upana wa aina tatu, na mtu aweza kupata jibu kwa akili yake. Kiwanda chenye oda za upana wa aina 30 au 40 kina namna za kukata zisizohesabika kwa urahisi. Hapo ndipo uzoefu peke yake unaposhindwa, na hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Chimbuko: Leningrad, 1938 na 1939

Mwaka 1938 maabara ya shirika la viwanda vya plaiwudi la Leningrad ilipeleka swali kwa wanahisabati. Shirika lilikuwa na mashine nane za kumenya magogo na aina tano za magogo. Kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina. Magogo yagawanywe vipi kati ya mashine ili pato liwe kubwa kuliko yote, huku uwiano wa aina ukitunzwa? Swali lilimfikia Leonid Kantorovich, mwanahisabati aliyezaliwa mwaka 1912 na ambaye alikuwa profesa tangu akiwa kijana wa miaka 22.

Kantorovich aligundua kwamba swali hilo la plaiwudi lilikuwa na ndugu wengi. Katika kijitabu chake cha mwaka 1939, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Leningrad, alionyesha kwamba kugawa kazi kwa mashine, kupunguza mabaki ya ukataji, kutumia vizuri mali ghafi na nishati, kugawa ardhi ya kilimo na kupanga usafirishaji wa mizigo ni matatizo ya ukoo mmoja. Tena alitoa njia ya kuyatatua. Msingi wa njia hiyo ni namba alizoziita vizidishio vya utatuzi. Kila kitu kilicho adimu katika mpango hupewa namba inayoonyesha uzito wake, na namba hizo hurekebishwa mpaka mpango usiweze kuboreshwa tena.

Turudi kwenye mfano wetu ili tuzione namba hizo zikifanya kazi. Katika mpango wa mazoea, jora la 130 lilikula nusu ya jora mama, la 100 lilikula theluthi, na la 70 lilikula robo. Nusu, theluthi na robo zikijumlishwa ni 13/12, yaani zaidi ya kitu kizima. Lakini yote matatu yanaingia katika jora mama moja! Hiyo ni ishara kwamba mpango wa zamani unapoteza, na kwamba ukataji huo mpya lazima uingizwe. Ukishaingizwa, uzito wa jora la 130 unashuka kutoka nusu hadi 5/12. Sasa jaribu kila namna nyingine ya kukata: hakuna itakayozidi moja. Tumefika mwisho, na tunajua kwamba tumefika.

Njia hii haikusubiri amri kutoka juu. Ilianza na swali la watu wa kiwandani waliojua kasi ya kila mashine yao.

Ukinzani

Mwaka 1942, katikati ya vita, Kantorovich aliandika kitabu kilichopanua njia hiyo kutoka kiwandani hadi uchumi wa taifa zima. Mapendekezo yake hayakupokelewa vizuri na Tume ya Mipango. Kitabu kilichapishwa mwaka 1959, miaka 17 baadaye. Wachumi wengi wa Kisovieti walidai kwamba vizidishio vyake vilikuwa mlango wa nyuma wa kuingizia nadharia za kibepari za bei. Thamani, walisema, hutokana na kazi, si na uhaba. Naye alishikilia kwamba makadirio yake hayatoki sokoni. Yanatoka ndani ya mpango wenyewe, kutokana na rasilimali zilizopo na malengo yaliyowekwa na umma.

Lakini mabishano ya nadharia yalikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Kantorovich na mwanahisabati Viktor Zalgaller walisaidia kuingiza ukataji wa kisayansi katika kiwanda cha mabehewa cha Yegorov, Leningrad. Mabaki ya chuma yalipungua. Wanahisabati wenzake husimulia kilichofuata: kiwanda kilikuwa na lengo la kupeleka vyuma chakavu kwa ajili ya kuyeyushwa, na sasa hakikuwa na chakavu cha kutosha kulitimiza. Kuokoa mali kukageuka kuwa kosa la kutotimiza mpango, na Kantorovich akaitwa kujieleza mbele ya wakuu wa Chama wa mkoa.

Karatasi nayo ilikumbwa na maradhi ya jamii hiyo. Wachumi waliochunguza mipango ya Kisovieti waliandika kwamba lengo likiwekwa kwa tani, kiwanda hutengeneza karatasi nzito kupita kiasi, kwa sababu karatasi nyembamba inayotosha watu wengi zaidi hupunguza tani. Meneja hakuwa mjinga. Alitii kipimo alichopewa.

Viwanda vya kibepari vyaichukua

Katika nchi za Magharibi elimu hii ilikuja kwa njia nyingine. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 wanasayansi wa Uingereza, akiwamo P. M. S. Blackett, walichunguza uendeshaji wa rada na misafara ya meli, wakaonyesha kwamba misafara mikubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani, akifanya kazi kwa ajili ya jeshi la anga, alibuni njia ya kutatua matatizo ya ukoo uleule wa Kantorovich, bila kujua kazi ya mwenzake.

Katikati ya miaka ya 1950 njia hiyo ilianza kutumika kwa karatasi ya magazeti huko Kanada. Mwaka 1961 na 1963 P. C. Gilmore na R. E. Gomory wa kampuni ya IBM walitoa makala mbili zilizomaliza kikwazo kikubwa. Badala ya kuorodhesha namna zote za kukata, kompyuta huanza na chache, huzipa oda uzito wake, kisha hutafuta kama ipo namna moja ambayo uzito wake unazidi jora mama. Ikiwapo huingizwa, na hesabu hurudiwa. Ndiyo hesabu ileile tuliyoifanya kwa nusu, theluthi na robo. Makala ya 1963 ilishughulikia hasa karatasi, pamoja na mambo ambayo mfanyakazi wa visu anayajua kuliko profesa, kama vile idadi ya visu kwenye mashine kuwa na kikomo.

Kwa nini bepari aliichukua upesi? Si kwa kuwa anaupenda ukweli kuliko mjamaa. Ni kwa sababu kila sentimita aliyookoa iliingia mfukoni mwake. Kipimo chake, yaani faida binafsi, kilikubaliana na hesabu hiyo pale kwenye visu. Kipimo hichohicho hakimwambii lolote kuhusu mtoto asiye na daftari, wala kuhusu mfanyakazi anayeachishwa kazi.

Mwaka 1965 Kantorovich alipewa Tuzo ya Lenin pamoja na Nemchinov na Novozhilov, na mwaka 1975 Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Alifariki mwaka 1986. Dola iliyomchelewesha ilisambaratika mwaka 1991.

Fundisho kwetu

Nasi tulikuwa na safari yetu ya karatasi. Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa 1975 hadi 1995 uliiweka karatasi miongoni mwa viwanda vya msingi. Kiwanda cha Karatasi cha Kusini kilijengwa Mgololo, Mufindi, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, kikaanza uzalishaji mwaka 1985. Kiliundwa kuzalisha tani 60,000 kwa mwaka, na sehemu ya pato ilitarajiwa kuuzwa nje. Baadaye kilidhoofika na kubinafsishwa. Kwa jirani zetu Kenya, kiwanda cha Webuye kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970 kilisimama mwaka 2009.

Visu vilivyopangwa kisayansi peke yake visingeviokoa viwanda vya namna hiyo. Hesabu ya ukataji hujibu swali la ukataji. Haijibu kama kiwanda ni kikubwa kuliko soko lake, kama barua ya kuomba vipuri itajibiwa kwa wakati, wala kama mkopo utalipika. Maswali hayo nayo yana hesabu zake, na zinapaswa kufanywa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Kada anayedhani kwamba kompyuta itafidia uamuzi mbaya wa mwanzo anajidanganya sawa na yule anayedhani kwamba ari ya kisiasa itafidia hesabu.

Hitimisho

Historia hii inatupa mambo matatu. Kwanza, njia bora ya kupanga huanza na maarifa ya wafanyakazi. Bila kasi halisi ya mashine na upana halisi wa oda, hesabu nzuri hutoa jibu la uongo. Pili, hesabu ikitoa jibu tusilolipenda, tuchunguze kwanza hoja yake kabla ya kuipachika jina la kiitikadi. Waliomzuia Kantorovich waliamini kwamba wanaulinda ujamaa, kumbe walikuwa wanaulinda upotevu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kipimo cha mafanikio ndicho kinachoamua hatima ya hesabu. Ukimpima meneja kwa tani, atakupa uzito. Ukimpima kwa chakavu, atakupa chakavu.

Kwa hiyo kada anapotembelea kiwanda, shirika au ushirika wa wakulima, asiulize tu kama lengo limefikiwa. Aulize: lengo hili linapima nini, na mtu akiokoa mali ya umma hapa, atasifiwa au ataitwa kujieleza?