Kabla ya Sabufa Kulikuwa na Honi: Siri ya Spika Zinazomleta Msanii Sebuleni

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Mbiu yenyewe ni pembe ya mnyama tu. Haina betri wala waya, lakini mtu mmoja akiipuliza, kijiji kizima kinatoka nje. Sasa kama unashangaa kwa nini kuna watu mpaka leo wanajaza sebule kwa spika za honi kubwa kama kabati, wakati wenzao wanagombania sabufa, anzia hapo.

Mtu wa Idodi, kule Iringa kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, hahitaji kufundishwa honi ni nini. Gari la matangazo unalisikia kabla hujaliona. Shida ni kwamba zile honi ndogo za juu ya gari zimetengenezwa zifike mbali, siyo ziwe tamu. Besi hazina, na sauti inatokea puani. Ndiyo maana wengi wanajua honi ni kelele tu. Historia inasema vingine.

Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo, Lindi, Masasi mpaka Newala, akiwa na fonografu. Mtu aliimba ndani ya honi, mtetemo ukachora kwenye nta, kisha honi ikarudisha sauti ileile. Umeme sifuri!

Mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kurekodi na His Master's Voice, kampuni ambayo nembo yake ni mbwa anayesikiliza honi ya gramafoni. Santuri zake zikapigwa Zanzibar na mwambao wote kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Nyingine honi ilichanua nje kama ua, nyingine ilifichwa ndani ya sanduku. Sauti yote ilipitia kwenye sindano na honi.

Inawezekanaje? Mfanye mtu aliye ng'ambo ya shamba akusikie: utaweka viganja mdomoni. Kitu kidogo kinachotetemeka hewani kinapoteza nguvu nyingi bure. Honi inaanza nyembamba na kupanuka taratibu, hivyo mtetemo unaishika hewa vizuri. Spika nyingi za kawaida hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, lakini honi nzuri inaweza kuvuka asilimia 10. Na kwa kuwa kiwambo chake kinasogea kidogo sana, sauti haichafuki hata ngoma ikigongwa ghafla.

Kwa nini sasa hazikubaki? Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walionyesha spika ya koni, ndogo na rahisi kutengeneza. Amplifaya zilipopata nguvu, nani tena alitaka honi? Zikahamia kwenye kumbi za sinema. Nyumbani kikwazo kilikuwa ukubwa: wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na honi ya kulibeba inataka mdomo mpana. Mwaka 1946 Paul Klipsch, mhandisi wa Arkansas, akaja na ujanja wake. Aliikunja honi ndani ya kabati, akaisukuma kwenye kona, na kuta za chumba zikawa sehemu ya honi. Spika hiyo, Klipschorn, ilidumu sokoni miongo mingi.

Sabufa inatikisa madirisha, hilo halina ubishi. Lakini uhai wa muziki mara nyingi uko kwenye vitu vidogo: pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, au kidole kikigusa uzi wa ligombo, ala ya Wahehe inayopigwa taratibu. Honi kubwa iliyotengenezwa vizuri inavitoa hivyo hata sauti ikiwa chini, kiasi kwamba mtu wa jikoni anaweza kuuliza, "Mgeni nani?"

Kwa hiyo kabla hujaongeza wati, jiulize: unataka majirani wasikie, au unataka msanii aje nyumbani?